Nilipogombea Udiwani na Baba Mkwe

Nilipoolewa kutoka Ipogolo kwenda Mbeya, mama yangu alinifundisha mengi ya kuishi na wakwe, lakini hakunifundisha kumkimbia baba mkwe. Kwetu Iringa baba mkwe unampigia goti, unamsalimia "kamwene", unamwekea maji ya kunawa, basi, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa nilikuta jambo jingine. Mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akiingia sebuleni, wewe unatokea mlango wa jikoni. Mkikutana njiani, unaingia kwenye migomba na kumpa mgongo mpaka apite. Humsemeshi, naye hakusemeshi. Jina lake hulitaji, na hata neno la kawaida linalofanana na jina lake unalizunguka.

"Siku hizi wengi wameacha," mume wangu aliniambia. "Ila baba hajaacha."

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa na diwani wa kata yetu, nje kidogo ya Uyole ukishika barabara ya Tukuyu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na migomba tu. Mwanzoni desturi ile ilinichekesha, kisha nikaizoea, na baada ya miaka nikaipenda kwa namna yangu. Nilimjua mzee yule kwa sauti. Nilikijua kikohozi chake cha asubuhi, nilijua anavyokung'uta viatu mlangoni, nilijua anavyosoma Biblia kama mtu anayesoma bajeti ya halmashauri. Yeye alinijua kwa chakula changu.

Maneno yetu yalipita kwa mama mkwe. Yule mama angeweza kuwa balozi katika nchi yoyote. Mzee akilalamika chumvi imezidi, ujumbe ulinifikia hivi: "Mzee leo amekunywa maji mengi." Akisema maharage yameiva vizuri, mama alikuja jikoni akaniambia, "Mzee anasema ndaga fijo, asante sana, Mungu akuzidishie." Nikijibu kwa ukali kidogo, sidhani kama ukali ule ulifika. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani, mimi na baba mkwe wangu, kila mmoja akipokea maneno yaliyooshwa.

Alikuwa diwani kabla sijaolewa. Watoto wangu wakazaliwa, wakasoma, wakaenda vyuoni, na yeye bado ni diwani. Na alikuwa diwani mzuri, hilo sina budi kulisema. Maji ya bomba yalitoka mlimani kwa miguu yake, maana alikwenda mjini kuyadai mpaka walinzi wa ofisi wakawa wanamwita baba. Shule ya sekondari ya kata aliisimamia kuanzia msingi hadi bati. Hakuna msiba aliokosa kufika, na akifika hakukaa mbele. Alikwenda kwanza kuuliza kama kuni zipo.

Lakini alizeeka. Sikio moja likaanza kugoma. Mikutano ya hadhara akaifanya mifupi, kisha michache. Siku moja picha ya video ikazunguka kwenye simu za watu. Baba mkwe wangu yuko kwenye baraza la madiwani, kidevu kimeangukia tai, amelala usingizi mzito, na mwenzake anamgusa bega bila mafanikio. Mtu alikuwa ameiwekea muziki.

Niliiona dukani kwangu. Nina duka la pembejeo, nauza mbegu, mbolea na dawa ya ukungu wa viazi, na wateja wangu huongea kuliko wanavyonunua. Vijana wawili waliokuja kuchukua dawa waliiangalia mbele yangu wakicheka hadi wakaegemea kaunta. Mmoja alipokumbuka mimi ni nani, aliitia simu mfukoni.

"Samahani, mama," akasema. "Lakini si kweli? Mzee apumzike."

Niliwauzia dawa yao. Walipoondoka niliiangalia tena ile video peke yangu, nikaona kitu ambacho wao hawakukiona: tai ile niliipiga pasi mimi.

Msimu ule wakulima walikuwa na hasira. Kilio chao kilikuwa lumbesa, yaani lile gunia ambalo mnunuzi halijazi mpaka mdomoni tu. Analiongezea kichwa cha viazi juu na kukishonea kwa kamba, halafu analipa kama gunia moja. Kila uchaguzi baba mkwe aliahidi kuikomesha, na kila mavuno magunia yalitoka yamevaa vilemba. Akina mama wa viazi walikaa kwenye benchi la duka langu wakilaani, na mimi nikilaani nao, tena nikisema nini kifanyike. Siku moja mmoja wao akaniambia, "Wewe unaongea vizuri hivi, unamwachia nani? Gombea."

Nilicheka. Wakarudia kesho yake. Nikaacha kucheka. Sitajifanya kwamba nilisukumwa; nilikitaka kile kiti. Nilikuwa nimevuka arobaini, watoto wameondoka nyumbani, nina nguvu, na nilijiona kijana. Na zaidi, sikupenda mzee wangu achekwe. Niliona ni afadhali kiti kichukuliwe na mtu wa nyumbani, kwa heshima, kuliko kivutwe na wageni akiwa amesinzia juu yake.

Nilimwambia mume wangu kwanza. Alikuwa anamenya parachichi, akaliacha.

"Ugombee na baba?"

"Nigombee udiwani. Baba atakuwemo."

Alilichukua tena lile parachichi, akamaliza kulimenya. Mwishowe akasema, "Mimi kura yangu usiniulize. Na yeye nitamwambia asiniulize. Nataka kuendelea kula nyumba zote mbili."

Kisha nikaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage uani. Nilipiga magoti nikamweleza, nikamwomba amfikishie mzee kabla hajasikia kwa watu. Alichambua, akachambua. Alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama wa kata, kwa hiyo alijua vizuri nilichokuwa nakisema.

"Huu ni mzigo, mwanangu," akasema. "Nitaubeba. Lakini sijui nitautua vipi."

Siku zikapita bila jibu. Chakula kilikwenda, sahani zikarudi. Nilisikiliza kikohozi cha asubuhi nikitafuta hasira ndani yake. Kisha mama akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mzee anasema ukachukue fomu mapema. Mwisho karibu, na katibu wa kata hufunga ofisi anapojisikia."

Nililia. Niliona nina baba mkwe ambaye hana mfano duniani. Ni baadaye sana ndipo mama aliponiambia mzee alisema nini hasa. Alikuwa amesema, "Akachukue, tuone!" Na alikuwa amepiga meza.

Wagombea ndani ya chama tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa kijana mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa njia panda, hajafika thelathini, mwenye diploma ya maendeleo ya jamii na tabasamu lisiloisha. Sikumhesabu. Baba mkwe pia hakumhesabu. Sote tulimwona kama mtu aliyekuja kujaribu viatu dukani bila nia ya kununua.

Utaratibu wa chama chetu ni kwamba wagombea wote hupakiwa gari moja na kuzungushwa kwenye matawi, kila mmoja ajieleze kwa muda uleule, pasiwe na anayejipitishia peke yake. Kwa hiyo tukapanda pikapu. Baba mkwe akakaa mbele na dereva na katibu, mimi na kijana nyuma kwenye bodi tukiwa tumeshika vyuma. Kila tukishuka, mimi nilizunguka upande wa pili wa gari ili nisikutane naye. Wanachama wakongwe walielewa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Vijana walidhani tumegombana.

Shida yangu kubwa ilikuwa kuomba kura dhidi ya mtu ambaye siruhusiwi kumtaja. Wenzangu katika siasa hutaja majina ya wapinzani wao kwa kejeli. Mimi nilisema "mheshimiwa aliyepo". Nilikuwa nasema, mheshimiwa aliyepo ametuletea maji, tumshukuru, na sasa tunahitaji mtu wa kusimamia soko. Yeye naye alisema, "mgombea mwingine" na kuangalia paa. Kijana ndiye peke yake aliyetutaja sote kwa majina na vyeo, tena kwa adabu, bila kukosea.

Tawi la mwisho lilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, na mvua ikatukuta njiani. Mvua ya kwetu haina utani. Baridi inaingia kwenye mifupa. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kitenge kwa ajili ya picha. Kijana alivua jaketi lake akataka kunipa, na mimi nikakataa. Ndipo kioo cha mbele kikashushwa. Mkono wa baba mkwe ukatoka, umeshika koti lake zito la kijivu, ukalinyoosha nyuma bila yeye kugeuka.

"Huko nyuma kuna mvua," alisema, kama anayeiambia barabara.

Nililivaa. Lilikuwa na harufu ya sabuni ninayofulia mimi. Nikafika tawini nikaomba kura nimevaa koti la mpinzani wangu, na yeye akaomba zake akitetemeka kwa shati.

Siku ya mkutano wa kura za maoni tulikutana kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, ileile aliyoijenga. Wajumbe walijaa. Mbele waliweka benchi moja la wagombea. Nilipoliona nikabaki mlangoni. Msimamizi, mgeni kutoka wilayani, alisema tuketi, na baba mkwe akaketi mwisho wa benchi upande wa kulia, mimi mwisho wa kushoto nikiangalia dirishani. Kijana akakaa katikati yetu kama ukuta.

Tulijieleza, kisha wakaruhusu maswali. Mama mmoja wa viazi akasimama. "Swali langu ni kwa wote. Lumbesa itaisha lini?"

Baba mkwe alianza. Alisema mambo si mepesi, kwamba ukiwabana wanunuzi hapa wanageuza malori kwenda Njombe na viazi vyako vinaozea shambani. Aliongea kama mtu aliyechoka kuulizwa swali hilo.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. "Mheshimiwa aliyepo anasema tukiwabana watakwenda Njombe. Je, na Njombe wakiwabana siku hiyohiyo? Kwa nini hatujakaa na wenzetu wa Njombe tukaongea lugha moja?"

Makofi yalipigwa, vigelegele pia. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee ajibu!" Msimamizi akamruhusu.

Baba mkwe alisimama. Niliona kwa pembe ya jicho akizungusha kichwa, akimtafuta mtu kati ya wajumbe, mpaka akampata mkewe kwenye safu ya tatu. Kwa sauti yake ya nyumbani kabisa akasema, "Mama, hebu mwambie mkamwana wako kwamba mimi Njombe nilikwenda kabla yeye hajaijua Mbeya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Msimamizi, asiyejua lolote, akauliza kuna nini.

Mama mkwe alisimama taratibu, akajifunga kitenge vizuri.

"Msimamizi," akasema, "mimi nimeitwa hapa kupiga kura. Sikuitwa kubeba maneno. Nimebeba miaka mingi, kwa huyu nikapeleka, kwa huyu nikarudisha, na leo nimechoka. Wote wawili wana midomo. Waambiane."

Akaketi.

Kicheko kikakatika. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilisikia hiyo tu. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Nikamsikia anakohoa, kile kikohozi cha asubuhi, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu."

Nikainua uso.

Picha zake nilikuwa nimeziona maisha yangu yote ya ndoa, sebuleni na kwenye mabango. Lakini picha haikuoni wewe. Nilikuta macho ya kahawia mepesi, macho ya mume wangu yaliyozeeka, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuna picha iliyowahi kulionyesha. Na yeye alikuwa ananiangalia kama mtu aliyesimuliwa kuhusu mji fulani kwa miaka mingi, kisha akafikishwa.

"Njombe nilikwenda," akasema. "Tulikubaliana vizuri, tukasaini. Mavuno yalipofika, wao wakawa wa kwanza kujaza lumbesa. Wewe utafanyaje wasirudie?"

"Sijui, baba. Lakini mimi nauza mbegu. Nawajua wakulima wa kule, si viongozi tu. Ningeanza na wao."

Alifikiri. Ukumbi mzima ulimsubiri afikiri.

"Hapo sawa," akasema. "Mimi nilianza na waheshimiwa."

Akaketi, na mimi nikaketi.

Ndipo kijana akasimama kwa zamu yake. Hakuongea sana. "Wajumbe, mmesikia. Mzee amejaribu, na mama naye atajaribu. Sina neno baya kwa wakubwa zangu. Lakini angalieni humu ndani, vijana waliothubutu kugombea ni wangapi? Mzee amechoka kwa ajili yetu, tunamshukuru. Mama naye ana duka, ana familia, anastahili kupumzika. Nipeni na mimi nichoke."

Anastahili kupumzika! Mimi, ambaye sijaanza! Nilitaka kusimama nidai haki yangu ya kuchoka, lakini ukumbi ulikuwa unapiga makofi, na akina mama wa viazi walikuwa kati ya wapigaji.

Alishinda. Baba mkwe akawa wa pili, mimi nikamfuata kwa karibu sana. Kila aliyejua hesabu alikuja kutuambia kwamba kura zetu zingewekwa pamoja, kijana asingefua dafu. Tuliambiwa hivyo mlangoni, tukaambiwa njiani, tukaambiwa hata kanisani. Mama mkwe alimpigia nani, hakusema, na hajasema mpaka leo. Mzee anaamini ni yeye. Mimi ninaamini ni mimi. Mume wangu anaamini ni kijana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mkwe mbele, mzee katikati, mimi nyuma. Hakuna aliyeingia kwenye migomba. Tulipofika njia inapogawanyika, mzee alisimama akageuka.

"Jioni utapika nini?" akaniuliza.

"Ndizi na maharage, baba."

"Chumvi kidogo," akasema. "Nimekuwa nikimwambia huyu mama miaka yote hii, sijui maneno yanakwama wapi."

Mama mkwe aliendelea kutembea kama hakusikia.

Zile wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Aliamka saa ileile, akavaa shati la kazi, akaketi barazani. Watu walizoea kumkuta pale alfajiri na shida zao, mpaka wa shamba, mtoto aliyekosa nafasi shuleni, barua ya mtendaji. Siku za mwanzo waliendelea kuja. Kisha uchaguzi mkuu ukapita, kijana akaapishwa, na barabara ya kwenda kwetu ikaota majani katikati. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akitazama getini. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda nikamwambia, mwenyewe, bila balozi, "Baba, njoo dukani ukae."

Akaja. Akaketi kwenye lile benchi la akina mama wa viazi, waliompokea kama mwenzao. Tuligundua kwamba tunapenda kubishana. Tulibishana kuhusu lumbesa, kuhusu mbolea, kuhusu nani aliharibu ushirika. Akikasirika alisema, "Wewe Mhehe ni mbishi!" na mimi nilimjibu, jambo ambalo mama yangu akilisikia atazimia. Wakati mwingine alisinzia katikati ya hoja yangu, nami nikatundika kanga upande wa jua ili lisimpige usoni.

Diwani mpya alikuja siku moja na pikipiki yake, amepungua mwili. Alikaa kwenye benchi karibu na mzee akavua kofia.

"Mzee, hawa watu hawalali? Simu inaita tangu alfajiri."

"Ulisema unataka kuchoka," baba mkwe akamjibu.

Nilicheka mpaka nikamwaga mbegu za karoti. Kijana naye akacheka. Kisha wakainamia mambo yao, mpaka wa eneo la shule ambao mzee aliujua jiwe kwa jiwe, na nikaona mgongo wa baba mkwe umenyooka. Alipoondoka yule kijana, nilimuuliza mzee kama hana kinyongo.

"Ninacho," akasema. "Lakini ana adabu, na mwenye adabu humwezi."

Kiangazi kilipoingia, nilitaka kwenda kuwaona wazazi wangu Ipogolo. Baba mkwe hakuwahi kufika kwetu, hata kwenye harusi yangu. Siku ya harusi alikuwa na baraza la bajeti, akawatuma kaka zake. Tangu hapo kila mwaka palikuwa na kikao. Safari hii alisikia tunapanga, akasema, "Na mimi nipo."

Tukaondoka wanne, mume wangu akiendesha, mzee mbele, mimi na mama mkwe nyuma pamoja na mkungu wa ndizi na debe la viazi. Kutoka Uyole hadi Makambako mzee hakunyamaza. Tulipoteremka Igurusi na kuona ng'ombe wa Usangu wanavuka barabara, alisimulia wafugaji walivyohamia kule kutoka kaskazini na migogoro aliyoitwa kusuluhisha. Mimi nilimuuliza, yeye akageuka kunijibu, akaumwa shingo, akaendelea kugeuka. Mama mkwe alilala usingizi mzuri, mdomo wazi. Sijawahi kumwona amelala mchana kabla ya hapo.

Baba yangu alitusubiri getini. Alikuwa seremala Tosamaganga mpaka alipostaafu zamani, na tangu hapo analima nyanya bondeni karibu na mto. Ni mtu wa maneno machache. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili.

"Kamwene, mheshimiwa. Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kwenye vikao."

"Vimeisha?"

"Havijaisha," baba mkwe akasema. "Vimenimaliza mimi."

Baba yangu alicheka, akamwingiza ndani. Mama yangu alikuwa amepika kuku na ugali, na pembeni chupa ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mzee wa kanisa alitazama chupa ile, akamtazama mkewe, akasema ataonja tu ili asiwakosee wenyeji. Alionja mara kadhaa.

Asubuhi yake niliwakuta bondeni. Baba mkwe wangu, mtu ambaye sijawahi kumwona bila viatu vilivyong'arishwa, amevaa mabuti ya mpira ya baba yangu, anafunga miche ya nyanya kwenye miti. Walikuwa wanaongea bila kutazamana, kila mmoja kwenye tuta lake. Nilisimama na chai yao mkononi.

"Inauma?" baba yangu alimuuliza.

"Asubuhi inauma. Ikifika mchana inapoa."

"Mimi nilipostaafu iliniuma mwaka mzima. Nilikuwa natengeneza viti ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mke wangu akakosa pa kupita."

"Halafu?"

"Halafu nikaviuza." Baba yangu akakata kamba kwa meno. "Usiifunge kwa nguvu hivyo, mheshimiwa. Mche unanenepa."

Baba mkwe akaifungua, akaifunga upya, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Aliponiona, aliniita nimletee chai palepale. Kisha akaniuliza kama uchaguzi ujao nitagombea tena.

"Sijui, baba. Wameniambia nipumzike."

"Nani amekuambia? Wewe bado mtoto. Gombea. Ila punguza haraka unapoongea, wazee hawakusikii. Mimi nilikuwa nakosa nusu ya maneno."

"Mwache mwanangu," baba yangu akasema kutoka kwenye tuta lake. "Ana duka."

"Duka nitakaa mimi," baba mkwe akasema, na wakaanza kubishana kuhusu maisha yangu, nami nikaweka vikombe juu ya jiwe nikaenda kuoga.

Tulipanga kukaa mpaka Jumapili. Jumapili ilipofika, mzee akasema nyanya zinahitaji kupigiwa dawa, na baba yangu hawezi peke yake, na yeye Mbeya hana kikao. Atakuja na basi. Akaenda bondeni kabla hatujamaliza kuaga.

Mama mkwe akapanda mbele alipokuwa amekaa mumewe. Tulipita Ifunda, tukapita Mafinga. Alikuwa ameshika pochi yake mapajani kwa mikono miwili, anaangalia misitu ya misonobari.

"Unajua," mwishowe alisema, "sijawahi kumwacha mahali. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa anaondoka."

Mume wangu alimuuliza kama anataka turudi tukamchukue.

"Tukamchukue wa nini?" akasema. "Twende. Kule mbele wanauza mahindi ya kuchoma, usimame."